Mtoto anazaliwa Januari, Dar: mablanketi matatu ya nini?

#1 Baba Mtarajiwa
Wakuu, habari za jioni.

Mke wangu anatarajia wiki ya pili ya Januari. Tunakaa Tabata, nyumba ya bati, haina dari, umeme ukikatika mchana humu ndani ni tanuri la mikate. Leo nimempokea mama mkwe stendi ya Mbezi katokea Makete. Kashusha mablanketi matatu mazito (moja la manyoya lina picha ya simba), sweta mbili alizofuma mwenyewe, kofia tano, na soksi nilizoshindwa kuzihesabu.

Maelekezo yake: mtoto anafungwa kanga, juu ya kanga shali, juu ya shali blanketi, na dirisha halifunguliwi mpaka arobaini iishe. Mimi mwenzenu nalala na bukta, feni iko namba tatu, na bado asubuhi shuka limelowa.

Karatasi ya kliniki inasema kanga, nguo za mtoto, kofia na blanketi moja. Sasa mtoto wa kaskazi anavaa nini hasa? Jumamosi nimetumwa Kariakoo na laki na nusu, sitaki kununua vya kuozea kabatini.

#2 Popo wa Tabata
Mkuu, mkwe habishiwi. Hilo la simba jifunike wewe, yaishe.

#3 mamaKulwa
Hongereni. Kulwa na Doto wangu walizaliwa Februari, Dar hii hii, na ndugu zangu walikuja na mablanketi kama hayo. Nikafuata walivyosema. Siku ya sita namfungua Kulwa kumwogesha, shingo yote nyekundu, makwapani, mpaka kwenye mikunjo ya mapaja, vipele vidogo kama chenga za mchele. Harara tupu. Mtoto analia usiku kucha, watu wanasema ni chango, kumbe anatokota.

Nilivyomwachia nepi na kikanga kimoja, siku tatu vikapotea. Sikupaka kitu.

Nyongeza: Doto alizaliwa na kilo 1.8. Huyo alikuwa anapoa hata mchana wa jua, tukaambiwa akae kifuani kwangu na kofia kichwani. Chumba kimoja, siku moja, watoto wawili, mavazi tofauti. Kwa hiyo usidake jibu la mtu humu ukalifanya sheria.

#4 Nesi wa Zamu
Kliniki haijakosea. Lile blanketi moja ni la chumba cha kujifungulia na njiani kurudi nyumbani.

Mtoto anatoka akiwa ameloa, na maji yakikauka mwilini yanaondoka na joto lake. Asipofutwa haraka anaweza kushuka nyuzi 2 hadi 4 ndani ya dakika 20 tu, hata Dar. Ndiyo maana tunasisitiza chumba kiwe nyuzi 25 hadi 28, bila upepo, feni izimwe. Tunamfuta, kanga iliyolowa tunaitupa pembeni, anakwenda kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, kofia, na kanga kavu juu yao wote wawili. Kumwogesha ni baada ya saa 24.

Watu wanaona tulivyomfunika saa ile ya kwanza, wanakwenda nyumbani kuendelea hivyo hivyo mwezi mzima. Hapo ndipo harara inapoanzia.

Kanga leta nne au tano. Zinaloa kuliko unavyofikiri, na manesi wakikuuliza kavu iko wapi usianze kukimbia dukani.

#5 Mtoto wa Makete
Nimeona kwetu kunatajwa nikaona nisipite kimya.

Hao mama zetu hawajachanganyikiwa. Makete mwezi wa sita na wa saba umande unaganda juu ya majani, ukitoka alfajiri nyasi zinavunjika chini ya kiatu. Nyumba ina moto wa kuni katikati na bado unatetemeka. Mama aliyelea watoto saba kule, na pengine kuna aliyemzika kwa kifua, ukimwambia mtoto alale na nepi tupu anakuona muuaji. Kabeba blanketi kwenye basi kutwa nzima. Mpokee kwanza, mabishano baadaye.

#6 Baba Mtarajiwa
#5 nimekuelewa, na nimepokea kwa mikono miwili, piga magoti na kila kitu. Shida ni kwamba ameshaanza kuziba dirisha kwa magazeti.

#7 Mwanaisha wa Ng'ambo
Assalaam alaykum. Nyote mnazungumzia joto na baridi, hakuna aliyetaja watu. Kwetu Unguja mtoto anafunikwa kwa sababu ya macho ya watu. Mgeni anaingia na jasho la barabarani, anasema "lo, mtoto mzuri huyu!", hata mashaallah hatii. Bibi anavuta kanga usoni kwa mtoto. Hilo halina habari na hali ya hewa.

Ila bibi zetu wa pwani walijua joto vilevile. Mtoto hakuvishwa nguo mpya. Anavaa winda la kitambaa laini, anafunikwa kanga kuukuu iliyofuliwa mpaka ikawa kama tishu. Kanga mpya ina wanga, ngumu, inamkwaruza. Mke wako atoe zake za zamani, hizo mpya avae yeye.

#8 Popo wa Tabata
Bi Mwanaisha, hiyo kanga kuukuu ina jina gani? Isije ikawa mafumbo.

#9 mamaKulwa
Popo umenikumbusha. Siku tunatoka hospitali nilimfunga Doto kanga ya kwanza niliyoishika kwenye begi. Imeandikwa HASIDI HANA SABABU. Wifi yangu ndiye kaja kutupokea na gari. Akanuna kutoka getini mpaka leo sijui nyumbani kwake anasemaje. Wallahi sikuitazama!

#10 Popo wa Tabata
😂😂 Hiyo siyo harara, hiyo ni vita.

#11 Kijana wa Umoja
Mimi niko Nairobi, na naomba mkiongea mseme "Dar". Huku Januari mchana jua linawaka kweli, lakini usiku inashuka hadi kama 13. Wetu alizaliwa Januari, mke wangu akasoma ushauri wa watu wa pwani mtandaoni, akamlaza na vesti tu. Saa tisa usiku mtoto baridi, hataki hata kunyonya. Tukamweka kifuani na leso mbili juu, ndio akaamka akanyonya. Huku mchana ni vesti, usiku romper ya mikono mirefu na shali.

#12 Mwanaisha wa Ng'ambo
Leso ndiyo kanga, kwa wasiojua. Mombasa wanaita leso, sisi kanga. Wasije wakadhani ni ya pua.

#13 Binti wa Muscat
Mkija huku mtachoka zaidi. Wangu alizaliwa Juni, nje imepita nyuzi 40, upepo unakupiga usoni kama umefungua jiko. Lakini nani yuko nje? Ndani kiyoyozi kinanguruma usiku na mchana. Mama yangu kaja kutoka Unguja kunilea arobaini, siku ya kwanza anatetemeka kwenye kochi na baibui juu ya dera, ananiambia "mwanangu, umenileta Ulaya?"

Mtoto wa kiangazi huku anavaa nguo ya pamba ya mikono mirefu, na tunageuza kile kiyoyozi kisimpulizie moja kwa moja. Hatari ni kumtoa ndani kwenye baridi ukamwingiza kwenye gari lililokaa juani na amevaa vile vile. Tunawasha gari kwanza, tunangoja lipoe, na shali tunaivua kabla ya kumfunga kwenye kiti.

Kwa hiyo swali siyo mwezi gani, ni chumba chako kikoje saa nane za usiku.

#14 Kipima Maji
Hiyo ya kumweka mtoto kifuani wanaiita kangaruu, na asili yake ni Brazili, madaktari walikosa mashine za kuwapasha joto njiti.

#15 Nesi wa Zamu
#14 ni Kolombia, mkuu. Bogotá, mwaka 1978. Hayo ya uhaba wa mashine uko sahihi.

#16 Kipima Maji
Nimekosea nchi, bara nimepata.

#17 Mswahili wa Leicester
Wa kwangu wa Julai 2022, ule mwezi Uingereza ilipita nyuzi 40 kwa mara ya kwanza. Nyumba za huku zimejengwa kushika joto, hazina feni, madirisha yanafunguka nusu. Mkunga alipokuja nyumbani kanikuta nimemvisha romper na nimemfunga shali kama nilivyoona kwa mama. Akamfungua palepale: nepi na vesti, basi.

Huku wanataka chumba kiwe nyuzi 16 hadi 20, na badala ya blanketi wanatumia begi la kulalia lenye namba ya kiasi linavyoshika joto, togi. Kiangazi 0.5, baridi 2.5. Mtoto analala chali, kitandani hakuna mto, hakuna mdoli, hakuna blanketi linaloelea, kwa sababu likimpanda usoni hana nguvu ya kulitoa, na joto kupita kiasi nalo wanalihesabu kwenye vile vifo vya ghafla usingizini.

Kule Tabata nyuzi 20 utazipata kwenye friji tu, najua. Lakini hilo la kitu kinachoelea halichagui nchi.

#18 Mtoto wa Makete
Leicester, sisi mtoto analala na mama yake, blanketi linaelea juu ya wote. Kwa hiyo tulipona vipi?

#19 Mswahili wa Leicester
Waliopona ndio wanaochangia uzi, mkuu.

#20 Mtoto wa Makete
Hapo umenikata.

#21 Baba Mtarajiwa
Nashukuru sana, nasoma yote. Mama mkwe anasema dalili ya baridi ni mikono na miguu. Akishika ikawa ya baridi anaongeza nguo. Wa jirani yetu ana wiki mbili, nimemshika vidole, kweli ni vya baridi, na kule ndani ni joto la kufa mtu. Inakuwaje?

#22 Nesi wa Zamu
Mikono na miguu ya kichanga huwa ya baridi, damu inakwenda kwanza kwenye viungo vya ndani. Haikuambii kitu. Ingiza vidole viwili nyuma ya shingo, au kifuani chini ya nguo. Pakiwa pa uvuguvugu na pakavu, yuko sawa. Pakiwa na unyevu au moto, punguza kitu kimoja. Pakiwa pa baridi, hapo ndipo unaongeza, au mweke kifuani.

Nyumbani ndani kofia ya nini? Kichwa cha kichanga ni kikubwa kwa mwili wake, ndiko anakopunguzia joto. Ukikiziba mchana wa Dar unamfungia mlango. Kofia ni ya saa zile za kwanza, ya njiti, na ya safari ya alfajiri.

#23 Mwanaisha wa Ng'ambo
Nesi, kofia ni kwa ajili ya utosi. Utosi wa mtoto uko wazi, unacheza, upepo ukiingia ni balaa. Hilo tumelikuta.

#24 Nesi wa Zamu
Bi Mwanaisha, utosi kucheza ni mapigo ya damu, chini kuna ngozi na utando mgumu, upepo hauingii. Utosi ukiwa umebonyea ndani, hiyo ni habari nyingine: mtoto hana maji ya kutosha mwilini, apelekwe.

#25 Mwanaisha wa Ng'ambo
Haya. Mimi nitamvisha hivyo hivyo.

#26 Mzee wa Karume
Naona mnasomesha udaktari, mwenzenu kauliza manunuzi. Mimi nauza nguo za watoto Karume, mtumba, mwaka wa kumi na moja.

Usinunue nyingi za sifuri hadi miezi mitatu. Akizaliwa na kilo tatu na nusu, zile ndogo kabisa wiki tatu zimembana. Chukua fulana sita au saba za pamba zinazofungwa ubavuni kwa kamba au vishikizo. Za kuingizia kichwani zinasumbua kitovu hakijakauka, na shingo ya mtoto inakuogopesha. Bukta au suruali nyepesi nne. Romper mbili za safari. Kofia moja, soksi jozi mbili maana moja itapotea, hata ufanyeje.

Namna ya kuijua pamba: ikunje kiganjani, uifinye, uiachie. Pamba inabaki na mikunjo. Ikirudi laini kama hujaigusa, hiyo ni nailoni na wenzake, haimezi jasho. Yale mablanketi ya manyoya yanayong'aa ni plastiki tupu, mama mkwe asinisikie.

Glavu za mikono achana nazo, mkate kucha.

#27 Popo wa Tabata
Mzee umeweka tangazo kwa akili sana. Bei je?

#28 Mzee wa Karume
Njoo Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi belo likifunguliwa, bei tutaongea ukiwa umeshika mzigo.

#29 Pasi ya Mkaa
Mtumba au dukani, pwani hii nguo za mtoto LAZIMA pasi. Hamjataja. Kuna inzi anataga mayai kwenye nguo zilizoanikwa zikiwa na unyevu, hasa kivulini au juu ya majani. Vifunza vinatoka humo, vinaingia kwenye ngozi. Mpwa wangu alipata vitatu mgongoni akiwa na mwezi, tukadhani majipu. Kila jipu lina tundu katikati, na ukitazama kwa makini unaona kitu kinapumua. Nesi akapaka mafuta mazito kuziba tundu, akangoja, akakamua. Kilipotoka kilikuwa kinene kama punje ya wali ulioiva. Sitasahau.

#30 Kijana wa Umoja
Nimeacha chakula.

#31 Kipima Maji
Jua la Dar linatosha, pasi ya nini na umeme huu?

#32 Pasi ya Mkaa
Jua linakausha, haliuwi mayai yaliyojificha kwenye mshono. Pasi ya moto, pande zote, hasa mishono, ukingo wa nepi na kamba. Umeme ukikosekana anika ndani. Jina langu unaliona, kwetu mkaa haukosekani.

#33 Mama wa Mbezi
Naomba niseme kitu kwa Baba Mtarajiwa. Wa kwangu alikuwa na siku tisa, Januari. Tulimfunga kama alivyosema mama yako mkwe. Jioni mwili moto, kipimo 38.2. Mama akasema mfungue tu, ni nguo. Tukamfungua, baada ya nusu saa ikawa 37.6, tukashangilia, tukalala. Saa kumi alfajiri 38.9 na hanyonyi. Kumbe ilikuwa maambukizi ya kitovu. Alilazwa siku saba, sindano asubuhi na jioni. Sasa ana miaka minne, anaruka kamba.

Sijui mpaka leo kama ile ya jioni ilikuwa nguo au ilikuwa ugonjwa umeanza.

#34 Nesi wa Zamu
Pole mama, na ahsante kwa kulileta. Joto la kawaida la kichanga ni 36.5 hadi 37.5. Ikifika 38 kwa mtoto wa chini ya miezi mitatu, mvue huku unatafuta usafiri. Usikae kungoja kuona kama ni nguo. Hata ikishuka njiani, endelea.

#35 Kipima Maji
Lakini dada nesi, kila aliyefunikwa sana akipelekwa, si mtajaza wodi?

#36 Nesi wa Zamu
Tujazieni.

#37 Shangazi Kigamboni
Mimi nimepitia tu. Joto hilo lote, maji ya kunywa anapewa saa ngapi? Wetu tulimpa kijiko kimoja kimoja.

#38 mamaKulwa
Shangazi! Miezi sita maziwa ya mama peke yake, hata kaskazi ikipiga vipi. Maji yamo ndani ya maziwa. Joto likizidi ananyonya mara nyingi zaidi, anayehitaji maji ni mama.

#39 Shangazi Kigamboni
Haya wasomi. Na poda je?

#40 mamaKulwa
Poda anaivuta puani. Fungua uzi wako 😂

#41 Mtoto wa Makete
Kuhusu kumfunga kama muwa: mikono sawa, miguu iacheni huru ikunjike kama chura. Ukiinyoosha na kuibana kila siku nyonga zinaweza kukaa vibaya. Mgongoni kwenye mbeleko miguu inakaa imetanuka, hiyo ndiyo nzuri.

#42 Popo wa Tabata
Baba Mtarajiwa yuko wapi? Ni tarehe 19 leo. Kakimbia na laki na nusu?

#43 Baba Mtarajiwa
Nipo wakuu. Mtoto wa kike, tarehe 11, saa tisa alasiri, kilo 3.2. Mama na mtoto wazima.

Mrejesho. Chumba cha kujifungulia waliuliza kanga kavu mara nne, nilikuwa nazo tano (Nesi, Mungu akubariki). Kofia alivaa saa za mwanzo na njiani. Mzee wa Karume nilimfuata kimyakimya, kanichaji vizuri.

Nyumbani tumefika mahali. Mchana nepi na fulana ya kamba, usiku kikanga kimoja kuukuu, tumboni kwenda chini, neti juu. Magazeti nimeyabandua dirisha moja, mama mkwe kabakiza la pili. Mimi napima shingoni, yeye anapima miguuni. Nikitoka kwenda kazini nikirudi namkuta mtoto ana soksi. Nazivua. Usiku nikiamka zipo tena.

Juzi umeme umekatika saa tano usiku mpaka saa kumi. Mtoto analia, jasho. Nikaona mama mkwe mwenyewe anamfungua kanga, kamweka juu ya mkeka, anampepea kwa ungo, anaimba Kikinga. Sikusema kitu.

Mablanketi: mawili yako kabatini. La simba tumelikunja mara nne juu ya meza, ndilo tunalopigia pasi nguo za mtoto. Mishono yote, pande zote.

#44 Pasi ya Mkaa
Hongera baba. Angalia tu, manyoya ya plastiki pasi ikizidi moto yanayeyuka. Weka kanga juu.

#45 Baba Mtarajiwa
Umechelewa mkuu, simba ameshapoteza sikio.

#46 Shangazi Kigamboni
Hongereni. Na jua la asubuhi mnamtoa? Wetu alikuwa na manjano.

#47 Nesi wa Zamu
Manjano anapelekwa kupimwa, shangazi, haanikwi.

#48 Mwanaisha wa Ng'ambo
Anatolewa. Dakika kumi, saa moja asubuhi, na kofia.